Namna ya kuchunguza jinsi watu wanavyoielekeza roboti kwa Kiswahili

Siku moja simama nyuma ya lori linaloingia sokoni kinyumenyume, umsikilize utingo. "Njoo, njoo, njoo… kata kulia, kata, kata… nyoosha… njoo… kidogo… kidogo… hapo hapo!" Anapiga bodi kwa kiganja, lori linasimama shibiri moja kabla ya ukuta. Hakutaja mita hata moja. "Kata" ya kwanza ilikuwa amri. Zile mbili zilizofuata zilimwambia dereva kwamba yuko sawa, aendelee. "Kidogo" ya kwanza ilikuwa hatua nzima, ya pili haikufika hata nusu yake. Dereva aliyaelewa yote bila kugeuza shingo.

Sasa weka roboti mahali pa dereva. Programu nyingi za kuifanya roboti ifuate maelekezo zimelelewa kwa Kiingereza. Ukitaka roboti ya kusukuma toroli la dawa wodini Dodoma, au ya kupanga magunia ghalani Mombasa, imwelewe mtu anayesema "isogeze hapo pembeni, kidogo tena, basi, basi!", lazima kwanza mtu ayakusanye maneno hayo jinsi yanavyotoka mdomoni. Kazi hiyo haihitaji maabara ya mamilioni. Inahitaji gari la kuchezea la rimoti, simu tatu, chumba chenye pazia, na subira. Ninaandika kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu au fundi anayetaka kuifanya vizuri mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Shika swali moja

Wanaoanza huja na swali kama "Watanzania wanazionaje roboti?" Swali hilo ni pana mno, hujui ulishike wapi. Chagua jambo unaloweza kulionyesha kwa kidole kwenye rekodi: Mtu akieleza njia, anategemea kulia na kushoto au anategemea vitu vilivyopo, kama mti na duka? Wazee na vijana wanaamuru kwa namna moja? Roboti ikikosea, mtu anarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, au anabadilisha maelezo?

Kama huna upendeleo, nakushauri uchukue hili la mwisho. Kosa la roboti huwatoa watu maneno ambayo kila kitu kikienda sawa huyasikii kabisa.

Hatua ya 2: Jenga mji sakafuni

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Guido Bugmann na wenzake wa Plymouth, Uingereza, wakishirikiana na watafiti wa Edinburgh, walijenga mji mdogo wa mfano wenye barabara na majengo, wakaweka roboti ndogo ya kuenea kiganjani, wakawaomba watu 24 waieleze njia. Walipata maelekezo 144. Ninachokipenda katika kazi yao ni mpangilio: walianza na maneno ya watu, ndipo wakaandika programu ya kuyafuata. Mara nyingi hufanywa kinyume, yaani fundi anatunga orodha ya amri kisha watu wanafundishwa kusema jinsi orodha inavyotaka.

Mji wako unaweza kuwa wa mita 3 kwa 3. Bandika selotepu ya karatasi sakafuni iwe barabara, zenye upana wa kulitosha gari na makona yasiyopungua sita. Maboksi ya viatu yawe majengo: msikiti, kanisa, zahanati, kituo cha mafuta, duka. Tawi ndani ya kopo la mchanga ni mwembe tosha. Weka maduka mawili yanayofanana, tena kwa makusudi, ili uone mshiriki atalitofautishaje hili na lile.

Usiandike jina lolote kwenye boksi. Chora au bandika picha. Ukiandika "kituo cha mafuta", wote watasema "kituo cha mafuta", na hutajua kamwe kwamba nusu yao nyumbani wanasema "sheli". Hilo linaonekana dogo lakini ndilo moyo wa utafiti wote, na nitalirudia hadi mwisho: usimtie mtu maneno mdomoni.

Pembeni mwa barabara weka vialama vya penseli kila sentimita 10. Mshiriki hatavijali, ila kamera itaviona, na baadaye utaweza kupima "kidogo" ya kila mtu ni umbali gani.

Kama hata gari la rimoti hulipati, ipo njia ya kuanzia isiyo na roboti kabisa. Watafiti wa Edinburgh na Glasgow walichapisha mwaka 1991 mkusanyiko wa mazungumzo 128 ya watu 64 waliokaa wawili wawili, kila mmoja na ramani yake, mmoja akimweleza mwenzake njia ya kuchora. Ramani hazikulingana kila kitu, na hapo ndipo mazungumzo yalipokolea. Kwa karatasi na kalamu mtu anaweza kufanya zoezi hilo kwa Kiswahili kesho asubuhi.

Hatua ya 3: Mtayarishe mchawi

Roboti yenyewe haitasikia chochote. Nyuma ya pazia atakaa mtu anayesikiliza maelekezo na kuliendesha gari, huku mshiriki akidhani roboti ndiyo inayoelewa. Watafiti humwita mtu huyo mchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, J. F. Kelley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliitumia mbinu hii kujenga programu ya kalenda iliyoelewa Kiingereza cha kawaida. Mwanzoni mtu alijibu badala ya kompyuta. Maneno ya watumiaji yakawa yanaingizwa kwenye programu, na mchawi akawa anajitoa kidogo kidogo mpaka programu ikajibu yenyewe.

Kwa nini tusitumie programu halisi tangu mwanzo? Kwa sababu ikishindwa mara mbili tatu, mtu anajikunja. Anaanza kusema "mbele", "kushoto", "simama", neno moja moja kama anayeongea na mgeni wa lugha. Ukirekodi hapo, umerekodi udhaifu wa programu na kudhani ni lugha ya watu.

Hatua hii ndiyo inayoharibika kuliko zote. Tatizo la mchawi ni wema. Anaujua mji, anampenda mshiriki, na mshiriki akisema "kulia" ilhali ni wazi alimaanisha kushoto, vidole vya mchawi vinamvuta kuelekea kushoto. Ukiruhusu hilo, data yako imeoza na hutajua. Kwa hiyo mchawi asiione kabisa ramani ya njia aliyopewa mshiriki, na sheria zake ziandikwe kwenye karatasi ibandikwe mbele ya macho yake. Sheria ninazoziamini ni hizi.

Afanye alichosikia, si anachokisia. Baada ya kila elekezo ahesabu moyoni "moja, mbili" ndipo aondoe gari, ili washiriki wote wakutane na roboti ya mwendo mmoja. "Kidogo" iwe sentimita 20 siku zote, kwa kila mtu. Asiyeridhika atasema "tena" au "zaidi", na hayo ndiyo unayoyataka. "Nenda mbele" isiyo na mwisho iishie kona inayofuata. Akisikia "dukani" bila kujua lipi, acheze sauti ya kuuliza. Mahali pawili ulipopanga mapema, kwa mfano kona ya pili ya njia ya pili na kona ya pili ya njia ya nne, akate upande usio sahihi hata kama ameelekezwa vizuri.

Sauti za roboti rekodi mapema kwa sauti ya mtu mmoja, zisizidi saba: "Sawa." "Sijaelewa." "Rudia, tafadhali." "Duka lipi?" "Sioni njia." "Nimefika." "Nisubiri kidogo." Mchawi azibonyeze kutoka simu yake zisikike kupitia spika ndogo iliyofungwa juu ya gari. Asiongee kwa mdomo wake mwenyewe hata siku moja; sauti ya binadamu inayojibu papo kwa papo itamfichua ndani ya dakika moja.

Mchawi aone kwa tundu la pazia. Nimejaribu kumpa picha kwa simu ya video, nikajuta: picha ilichelewa, gari likapita kona, na mshiriki akaanza kumlaumu "roboti asiyesikia" kwa kosa la mtandao. Mchawi awe mtu yule yule kwa washiriki wote. Akichoka, ahirisha, usimbadilishe katikati.

Mpe mazoezi ya siku mbili nzima. Mwambie utingo wenu wa mtaani aje kumwelekeza, kama atakubali. Hakuna mwalimu bora.

Hatua ya 4: Ruhusa na haki za mshiriki

Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Chuo chako nacho huwa na kamati yake ya maadili, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Sauti na sura za watu ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zisome kabla ya kuwasha kamera.

Kuna jambo zito hapa kuliko karatasi. Unamdanganya mshiriki, hata kama ni kwa muda na kwa nia njema. Kwa hiyo ridhaa iombwe mara mbili. Ya kwanza kabla ya kuanza: atarekodiwa, anaweza kuacha wakati wowote, na baadhi ya mambo ya roboti ataelezwa mwishoni. Ya pili baada ya kumaliza: fungua pazia, mwonyeshe mchawi, mweleze kwa nini mlifanya hivyo, kisha umuulize upya kama bado anakubali sauti yake itumike. Akikataa, futa mbele yake. Mtu mzima anaweza kuona kwamba amefanywa mtoto, na ana haki ya kuona hivyo. Usicheke anapogundua, na mchawi asicheke.

Hatua ya 5: Maelezo ya mwanzo yasiwe na jibu ndani yake

Ukimwambia mshiriki "Mwambie roboti aende mbele, ageuke kulia, kisha asimame", umeshamfundisha mambo manne. Umempa "mbele", umempa "geuka", umempa "kulia", na kwa kusema "aende" umemwambia kwamba roboti ni kiumbe, iko pamoja na mtu na mnyama katika sarufi. Ulichokuja kukitafuta umekigawa mwenyewe mlangoni.

Badala yake mpe picha. Chora mji kwenye karatasi ukiwa umetazamwa kutoka juu, weka mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na umwambie hivi: "Hii ndiyo njia. Eleza kwa namna yako mpaka ifikiwe mwisho." Sentensi hiyo nimeigeuzageuza mara nyingi ili isibebe amri wala kumtaja roboti kama mtu au kama kitu. Ukipata iliyo bora kuliko hiyo, itumie, lakini isome vile vile kwa kila mshiriki, kutoka kwenye karatasi.

Ramani isikae mezani ikiwa imeelekezwa kama sakafu ilivyo. Ikilingana kabisa, watu husoma ramani badala ya kutazama mji. Igeuze robo mduara. Itawapa kazi kidogo, na watalazimika kuutazama mji wenyewe.

Wazee wanahitaji neno la ziada. Mtu wa miaka sitini akiitwa chuoni kufanya "majaribio" anadhani anapimwa yeye. Amkia kwanza, mpe kiti, mpe maji, kisha mwambie waziwazi: "Mzee, hatukupimi wewe. Tunapima mashine kama inaelewa watu." Utaona mabega yanashuka.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fanya kwanza majaribio na watu watatu ambao hutawahesabu. Watavunja kitu ambacho hukukiwaza: gari halipandi selotepu, betri inakufa njia ya tatu, mtoto wa jirani anajua nani yuko nyuma ya pazia. Rekebisha, ndipo uanze.

Washiriki 12 hadi 20 wanatosha kwa utafiti wa kwanza. Changanya umri na watokako. Mtu wa Tanga, wa Kigoma, wa Nairobi na wa Lubumbashi wote wanasema Kiswahili, lakini usitegemee waieleze kona kwa neno moja. Andika kila mmoja lugha aliyokua nayo nyumbani, baadaye utaihitaji.

Kila mshiriki aelekeze njia nne, zisizozidi dakika ishirini jumla. Mpangilio wa njia ubadilishe kati ya mtu na mtu, la sivyo hutajua kama njia ya nne ni rahisi au mtu amezoea tu. Simu moja irekodi mji kutoka juu, nyingine imrekodi mshiriki kuanzia kiunoni ili mikono ionekane. Kabla ya kuanza piga kofi moja mbele ya simu zote mbili. Hilo kofi ndilo litakalokusaidia kuoanisha picha hizo baadaye.

Weka kipaza sauti karibu na mshiriki. Sauti ya injini ya gari dogo sakafuni ni kali kuliko unavyodhani.

Ukimaliza njia ya mwisho, na kabla ya kufungua pazia, mwambie: "Nisimulie kilichotokea." Usiulize "Roboti alifanya nini?" wala "Roboti ilifanya nini?" Mwache achague mwenyewe. Wapo watakaosema "ilikosea", wapo watakaosema "alikosea", na wapo watakaoanza na "ilikuwa inaenda vizuri" kisha baada ya kosa wakasema "akaanza ubishi". Neno la kwanza la kauli hiyo lina thamani kuliko dodoso la maswali kumi. Kiswahili kinamlazimisha msemaji aamue, kila sentensi, kama anachokizungumzia kina uhai.

Ukitaka kulisukuma mbele zaidi, ipe roboti jina kwa nusu ya washiriki. Rwanda ilipopokea roboti tano mwezi Mei 2020 kusaidia katika vituo vya Covid-19, zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Jina linabadilisha namna mtu anavyoongea, na hapo una njia rahisi ya kulipima.

Hatua ya 7: Kuandika sauti

Tumia ELAN, programu ya bure ya taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, inayokuruhusu kuandika maneno chini ya video kwa mstari wa wakati: mstari wa mshiriki, mstari wa roboti, mstari wa mikono. Dakika moja ya sauti hunila mimi zaidi ya dakika kumi. Jipange hivyo, usimwahidi msimamizi wako wiki mbili.

Andika kilichosemwa, siyo Kiswahili sanifu cha kilichosemwa. "Nenda" na "enda" vyote vibaki, "piga rivasi" ibaki, "we!" ibaki, na ukimya wa zaidi ya sekunde moja uandike kwa mabano na muda wake.

Na irabu za mwisho zisikilize mara mbili. "Kikombe kile, kichukue, ukiweke mezani" ni amri: ukichukue na ukiweke. "Ukiweka mezani" ni jambo jingine kabisa, ni sharti: endapo utaweka. Tofauti ni e na a, na spika mbovu inaimeza. Katika amri ile ile, "ki" ndiyo kamba pekee inayolifunga neno na kikombe. Kama juu ya meza kuna kikombe, kitabu na kisu, roboti haina la kushika. Mtu anayesikiliza anamtazama msemaji usoni; andika basi msemaji alikuwa anatazama wapi.

Hatua ya 8: Kuweka alama

Kipande hiki nimekitunga ili kukuonyesha namna ya kusoma. MSH ni mshiriki, ROB ni roboti.

MSH: Haya, nenda. (2.0) Nyoosha. Nyoosha tu.
ROB: [inakwenda]
MSH: Ukifika pale kwenye duka… hapo, hapo, kata kushoto.
ROB: [inakata kulia]
MSH: Ah-ah. Kushoto. (1.5) Rudi nyuma kidogo. Kushoto, mkono huu. [anainua mkono wa kushoto]
ROB: "Sijaelewa."
MSH: Sikiliza. Unauona mwembe? Uache mwembe nyuma yako, ufuate msikiti.
ROB: [inageuka]
MSH: Eeh, hivyo hivyo. Njoo, njoo. Basi!

Anza na "pale" iliyogeuka "hapo" ndani ya sentensi moja. Duka halikuhama. Gari lilipokuwa mbali na duka, msemaji alisema "pale", mbali na sisi sote. Gari lilipolikaribia, ikawa "hapo", ulipo wewe. Maana yake mshiriki ameipa roboti nafasi ya msikilizaji mwenye mahali pake, na anapima dunia kutokea hapo. Fundi anayeandika programu isiyotofautisha hapa, hapo, pale, na ndugu zao huko, kule, humo na mle, anatupa taarifa ambayo msemaji ameitoa bila kuombwa. "Kabatini" peke yake haisemi kama ni ndani au karibu. "Kabatini mle" imeshasema.

Kisha tazama marekebisho. Mara ya kwanza amerudia neno, mara ya pili ameongeza mkono wake mwenyewe (na kushoto kwake si lazima iwe kushoto kwa gari linalomtazama), mara ya tatu ameacha kulia na kushoto kabisa akahamia mwembe na msikiti. Hapo hapo kitenzi nacho kimebadilika: "nenda, kata, rudi" zimekuwa "uache, ufuate". Amepunguza ukali, anaeleza. Hesabu ngazi hizi kwa kila mshiriki: kurudia, kuongeza ishara, kubadilisha maelezo, kukata tamaa.

"Haya", "eeh", "basi" zipewe lebo zao. "Basi!" ya ghafla ni simama. "Basi, sasa kata kulia" ni tuendelee. "Basi, achana nayo" ni kukata tamaa. Roboti inayosimama kila isikiapo "basi" haitafika popote.

Sifa nazo zina siri. Watafiti wa roboti Andrea Thomaz na Cynthia Breazeal, katika majaribio ya jiko la kwenye kompyuta ambamo watu waliifundisha roboti kuoka keki, waliwapa washiriki njia ya kusifu au kukemea kitendo kilichokwisha. Watu wakaitumia pia kuelekeza kijacho: walisifu mapema ili kuichochea roboti, na walielemea upande wa kusifu kuliko kukemea. Ni yale yale ya utingo na "kata, kata" zake. Kwa hiyo kila "eeh" na "hivyo hivyo" itafutie jibu: ilikuja baada ya kitendo, au wakati kinaendelea?

Orodha yako ya lebo isizidi kumi. Mpe mtu wa pili aweke alama kwenye sehemu moja kati ya tano za rekodi bila kuona zako, kisha mlinganishe. Kulingana tu hakutoshi, kwa kuwa mengine hulingana kwa bahati; ndiyo maana hutumika kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, kappa. Tuseme kauli 100, mmelingana 82, na kwa bahati tupu mngelingana 40. Toa 0.40 kwenye 0.82 upate 0.42, gawa kwa 0.60 iliyobaki: 0.70. Ukipata chini ya hapo usimlaumu mwenzako. Kaeni na kauli mlizotofautiana, moja moja. Mara nyingi lebo ndiyo haijaelezwa vizuri.

Na usihesabu maneno kama kipimo cha urefu wa maelekezo. "Usipoiona, rudi" ni maneno mawili yenye mtu, kanusho, sharti, kitu na tendo. Hesabu vitendo na vitu vilivyotajwa.

Hatua ya 9: Jaribu ulichokipata kwa mchawi wa pili

Wengi huishia kwenye jedwali. Nenda hatua moja mbele. Kutoka kwenye rekodi zako andika orodha ya kauli ambazo watu wamezitumia na kitendo cha kila moja: "nyoosha" ni kwenda mbele hadi kona, "kata" ni kugeuka, "acha kitu nyuma" ni kupita hadi kitu kiwe nyuma, na kadhalika. Mtafute mchawi mpya ambaye hajawahi kuuona mji, mpe orodha hiyo, na umwekee sheria moja: kauli isiyokuwamo, hata akiielewa waziwazi, abonyeze "Sijaelewa".

Leta washiriki wapya watano. Kila mchawi anapokwama, andika kauli iliyomkwamisha. Ziongeze kwenye orodha jioni, kesho yake uite wengine watano, tena wasiwe wa jana. Endelea hivyo mpaka siku mtu atakapopita njia zote nne bila kusikia "Sijaelewa" nje ya makosa uliyoyapanga. Orodha utakayokuwa nayo siku hiyo mpe fundi wa programu, pamoja na rekodi za wale walioridhia mara mbili.